Kila Mtu na Wembe Wake
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Swali tunaloulizwa sana

Watu huja zahanati na vipele vya ndevu, au na kidonda cha wembe kilichotunga usaha, wakauliza: "Daktari, ninunue zile mashine na mapovu ya dukani, au niendelee na wembe wangu?"

Wembe wa kawaida, maji ya uvuguvugu na sabuni vinatosha. Mashine ya bei kubwa haikukingi na maradhi mkiitumia watu watatu. Wembe wa bei ndogo hauna ubaya ukiwa wako peke yako. Kinacholeta maradhi ni kuchangia.

Wembe wa bafuni

Katika mabafu mengi ya uani utakuta wembe umechomekwa kati ya bati na mbao. Umeanza kuota kutu, na kwenye makali pameganda sabuni na vinywele viwili vitatu. Baba alinyolea ndevu. Mama akanyolea kwapa. Kijana anayebalehe naye kauona, akautumia kimyakimya kwa sababu anaona haya kuomba wake.

Wembe hukwangua ngozi hata pale usipoona damu. Damu kidogo usiyoiona kwa macho inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B, na virusi vyake huweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi. Mwenye ugonjwa huu anaweza kukaa miaka mingi analima, anacheza mpira, hajui kitu. Tumbo likija kuvimba na macho kuwa ya manjano, mara nyingi ini limekwisha kuharibika. Virusi vya UKIMWI navyo huweza kupita kwenye wembe wenye damu.

Usiseme "huyu ni mke wangu" au "huyu ni mwanangu". Kila mtu na wembe wake.

Kipi ununue, kipi uache

- *Wembe mpya:* nunua. Bei yake haifiki ya soda moja. Mkipungukiwa, uvunjeni katikati ungali ndani ya karatasi yake, kila mmoja achukue nusu yake. Msibadilishane.
- *Wembe wa mpini wa plastiki:* unamfaa anayeanza kunyoa. Ukianza kukwaruza, tupa.
- *Mashine ya umeme:* ina faida kwa mwenye vipele vya ndevu, maana huacha kinywele kifupi juu ya ngozi, kisirudi kuchoma ndani. Asiye na vipele abaki na hela yake. Mashine nayo hukata ngozi, kwa hiyo iwe ya mtu mmoja.
- *Povu la kunyolea:* si lazima. Sabuni ya kuogea inalainisha.
- *Losheni ya kupaka baada ya kunyoa:* si lazima. Kule kuwasha hakuondoi homa ya ini.
- *Poda au krimu ya kuondoa nywele:* haina makali lakini huunguza. Ijaribu kidogo mkononi siku moja kabla, na usizidishe dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Usipake kwenye kidonda wala sehemu za siri.

Namna ya kunyoa

Lowesha, paka sabuni, nyoa kufuata nywele zilivyolala, suuza.

Kwa kinyozi

- Nenda na wembe wako, au uone kwa macho yako akifungua mpya. Sema bila aibu: "Kaka, naomba utumie huu wangu."
- Kuufuta wembe kwa spiriti HAKUTOSHI.
- Kuupitisha kwenye moto wa kiberiti HAKUTOSHI.
- Kile kisanduku chenye taa ya buluu HAKITOSHI. Hicho ni cha kuhifadhia vifaa vilivyokwisha kusafishwa.
- Usikubali taulo iliyomfuta mwingine. Mapunye huambukizwa hivyo.
- Kinyozi, kichwa cha mashine kitoe nywele, kioshe kwa sabuni, kisha kiloweke dakika 10 kwenye kipimo 1 cha jiki ya asilimia 3.5 na vipimo 6 vya maji. Suuza, kausha. Fanya hivyo kwa kila mteja.
- Wembe hausafishwi ukatumika kwa mwingine. Unatupwa.

Mtoto wa arobaini

Anayemnyoa anawe mikono kwa sabuni na afungue wembe mpya. Mapacha ni nyembe mbili.

Chale na tohara

Wembe mmoja usipite kwa watu wawili, hata kama mganga anasema ameuombea. Tohara ifanyike hospitali.

Ukikatwa na wembe wa mwenzako

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa wala jiki. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72. Uliza pia kuhusu homa ya ini na pepopunda.

Kutupa

Weka nyembe zilizotumika kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto. Likijaa, litumbukize kwenye choo cha shimo.

Kupima na chanjo

Kinga ya homa ya ini B imo kwenye chanjo ya mtoto ya wiki ya 6, 10 na 14. Usiruke hata moja. Mtu mzima apime kwanza. Asiye na maambukizi huchanjwa mara 3: siku ya kwanza, baada ya mwezi 1, na miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Mwenye maambukizi ahudhurie kliniki, na mwenzi wake na watoto wake wapimwe.

Msimtenge. Kuleni naye sahani moja, mpeni mkono, akae sebuleni na wenzake, hayo hayaambukizi. Awe tu na wembe wake, nanyi muwe na wenu.