Hesabu ya Mbolea: Gunia Lipi ni Rahisi?

Ndugu mkulima, mwezi huu tutajifunza hesabu ndogo ya kemia. Usiogope jina hilo. Ukijua kuzidisha na kugawanya umeiweza, nayo itakulinda usitupe fedha zako.

Wengi wenu katika mashamba ya setilimenti mna jamaa wanaokaa Nairobi, katika mitaa ya Eastlands kama Kaloleni, Bahati na Jericho. Tuseme umemtembelea ndugu yako mdogo huko Jericho, naye amekupa fedha za mbolea ya kukuzia mahindi. Dukani kuna magunia mawili ya kilo 50. Gunia la C.A.N. ni shilingi 2,600 na la yurea ni shilingi 3,450. (Bei hizi ni za mfano tu.) Wewe unataka lile la bei ndogo. Lakini binti wa ndugu yako, aliye shule ya sekondari, anasema, "Baba mkubwa, ngoja kwanza tupige hesabu." Mfuate.

Hatua ya 1: Soma namba ya naitrojeni kwenye gunia. Hapa C.A.N. ni 26 na yurea ni 46. Maana yake, katika kila kilo 100 za C.A.N. mna kilo 26 za naitrojeni. Hicho ndicho chakula unachonunua.

Hatua ya 2: Zidisha uzito wa gunia kwa namba hiyo, kisha gawanya kwa 100.
C.A.N.: 50 × 26 ÷ 100 = kilo 13.
Yurea: 50 × 46 ÷ 100 = kilo 23.

Hatua ya 3: Gawanya bei kwa kilo za naitrojeni.
C.A.N.: 2,600 ÷ 13 = shilingi 200 kwa kilo.
Yurea: 3,450 ÷ 23 = shilingi 150 kwa kilo.
Kumbe gunia la bei kubwa ndilo rahisi!

Hatua ya 4: Pima mahitaji ya shamba. Tuseme Bwana Shamba amekuambia ekari yako yataka kilo 26 za naitrojeni. C.A.N. ni 26 ÷ 13 = magunia 2. Yurea ni 26 × 100 ÷ 46 = kilo 56 na nusu hivi.

Je, hiyo 46 yatoka wapi? Yurea imeundwa kwa kaboni 1 (uzito 12), oksijeni 1 (16), naitrojeni 2 (28) na haidrojeni 4 (4). Jumla ni 60. Sasa 28 ÷ 60 × 100 = karibu 46.7. Basi mtu akikuletea gunia lililoandikwa yurea 60, usinunue. Hesabu yenyewe inamkanusha.

Lakini bei siyo yote. Yurea ikiachwa juu ya ardhi, sehemu ya naitrojeni yake hupotea hewani. Ifunike kwa udongo. Tena huzidisha uchachu wa udongo kuliko C.A.N., ambayo kwa kawaida ina chokaa ndani yake. Kwa hiyo pima udongo wako kabla ya kuchagua.

Zoezi: Gunia la D.A.P. la kilo 50 lina namba ya naitrojeni 18. Lina kilo ngapi za naitrojeni? Ukipata 9, umefaulu. Mfundishe na jirani yako.