Kwa Baisikeli hadi Jiwe la Mugere

Wako wenzetu wanaosema kwamba Livingstone na Stanley walikutana mara ya kwanza Mugere, kwa kuwa jiwe liko pale. Sivyo: walikutana Ujiji, mwaka 1871. Basi huku walifuata nini? Mwenye baisikeli aweza kupata jibu kwa macho yake.

Ondoka Bujumbura alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaamka, ushike njia ya Rumonge. Ziwa Tanganyika li kuumeni, milima kushotoni. Baada ya kilometa 10 hivi utalikuta jiwe, lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji kuutazama mto Rusizi, maana wataalamu wa Ulaya walibishana: je, watoka ziwani kwenda Nile, au waingia?

Siku nyingine shika njia ya Gatumba, katika uwanda wa Imbo, ambako miguu haichoki. (Ziwa limefurika sana huko tangu 2020, uliza kwanza kama njia ni kavu.) Ufikapo daraja la Rusizi shuka, utupe jani majini. Litakwenda kusini, ziwani. Nao waliona vivyo hivyo, na Rusizi ukaondolewa katika habari za Nile.