Ukifika Jambiani Ukakuta Bahari Haipo

Mgeni anashuka garini Jambiani, anatupa begi chumbani, anakimbilia ufukweni na taulo begani, halafu anaduwaa. Bahari haipo. Kwenye picha aliyotumiwa ilikuwa ikilamba mizizi ya minazi. Sasa imebaki mstari mweupe wa mawimbi kule kwenye mwamba, zaidi ya kilomita moja, na huku nyuma yake ni mchanga, madimbwi na akina mama walioinama. Wapo wanaorudi mapokezi kulalamika, kana kwamba kuna mtu kaifunga bomba.

Kijiji hiki kiko kusini-mashariki mwa Unguja, kati ya Paje na Makunduchi. Ukienda, nenda na haya.

1. Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi ya boti.
Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja na bamvua huingia: maji hujaa sana, yakapwa sana. Hapa Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, tofauti hushuka hadi mita moja hivi, na bahari haiendi mbali. Huhitaji programu ya simu. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni kwenu inatosha: bamvua itafutwe kuanzia tarehe mosi hadi ya tatu, na kuanzia ya 15 hadi ya 17. Maji mafu yako karibu na tarehe 9 na 23. Anayetaka kutembea hadi mwambani aje na bamvua. Anayetaka kuogelea bila kuviziana na maji aje siku za maji mafu. Bamvua kubwa kuliko zote huja Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba.

2. Kariri saa mbili tu: nne na kumi.
Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: saa nne ndiyo ya kujaa. Ndiyo maana Idi ndogo, ambayo lazima iangukie mwezi mosi, watu wa mjini wanaokwenda kupunga upepo asubuhi hukuta mchanga mtupu, na wanaokuja baada ya alasiri huvua viatu wakaingia majini. Wamefika pwani ileile, siku ileile, na kila mmoja atakuhadithia bahari yake.

3. Usiikimbie bahari iliyotoka.
Hili ndilo ninaloligombania na rafiki zangu wa Dar kila mwaka. Wao huona maji yakitoka ndipo siku imeharibika, wanarudi kulala mpaka yarejee. Mimi naona maji yakijaa Jambiani inafanana na fukwe nyingine nyingi nzuri, ila yakipwa haifanani na kitu. Neno lenyewe pwani limetoka kwenye kupwa: ni mahali maji yanapopwa. Basi tembea humo. Kwenye madimbwi kuna viti vya pweza vyekundu, majongoo ya bahari, na visamaki vilivyochelewa kuondoka. Tazama, usibebe.

4. Viatu, tafadhali.
Kandambili zitanaswa na tope zikubakie nusu. Vaa yeboyebo au viatu vyovyote vya mpira vinavyoshika kisigino. Kwenye mawe kuna wale viumbe weusi wenye miba mirefu kama nungunungu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Wapo pia samaki wanaojifanya jiwe. Ukichomwa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia, kisha nenda kituo cha afya. Usingoje kuona kama itapoa yenyewe.

5. Geuka wewe kabla maji hayajageuka.
Watu hudhani maji hurudi kwa mbele, wimbi baada ya wimbi, na wewe utayaona yakija. Siyo. Chini ya mchanga ule kuna mabonde na mifereji usiyoitambua ukiwa mkavu, nayo hujaa kwanza, kimya, mgongoni kwako.

Mimi lilinikuta safari yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeinamia kidimbwi, simu mkononi, nikimpiga picha kaa. Nikasikia mama mmoja akiita kwa mbali, "Mwanangu, maji hayo yaja!" Nikatazama mwambani: mawimbi yako kulekule, nilipo pakavu. Nikageuka nyuma, na kati yangu na kijiji ulikuwepo mto. Nilivuka maji yakiwa kifuani, simu juu ya kichwa kama mtu anayesalimu amri, huku akina mama wakicheka hadi kushikana mabega. Tangu siku hiyo natumia saa yao. Wakianza kufunga magunia na kurudi, nami narudi, hata kama kaa ni mzuri namna gani.

6. Hapo unapopita ni shambani kwa mtu.
Vile vijiti vilivyosimama kwa safu na kamba kati yake ni mashamba ya mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza 1989 hapa Jambiani na jirani Paje, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino, na wengi wa wakulima wake Zanzibar ni wanawake. Mkulima hupigilia vigingi, hufunga vipande vidogo vya mwani kwenye kamba, huondoa majani mabaya na takataka, akavuna baada ya wiki sita hivi. Mwani huanikwa juani, husafirishwa nje, na utomvu wake ndio unaozishika pamoja dawa ya meno na aiskrimu. Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi haipendi maji ya joto, nayo bahari inazidi kupata joto, ndipo wakulima wengine wakasogea kwenye maji ya kina.

Sasa tazama kazi hiyo na mwezi. Shamba linafikika kwa miguu siku za bamvua tu, saa chache za kupwa. Kwa hiyo mama unayemkuta kainama saa nne asubuhi anashindana na maji, na huna haki ya kumsimamisha dakika 20 ili umhoji. Usikanyage kamba, usivute vijiti, na wewe uliyekuja kurushwa na tiara ya upepo kutoka Paje, kata kona mbali na vigingi. Ukitaka picha, omba, na ukikataliwa usizunguke upande wa pili. Afadhali ungoje maji yarudi, umkute barazani. Huko utaonyeshwa na sabuni ya mwani, na ununue.

7. Mawe yaliyorundikwa mchangani usiyaguse.
Utayaona maji yakishatoka, yamepangwa kama kaburi dogo. Chini yake kuna makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwa miezi mingi yalainike katika maji ya chumvi. Yakifukuliwa hupigwa, yakawa usumba, usumba ukasokotwa kamba. Mwenyewe anajua rundo lake. Mgeni aliyebeba jiwe moja kupambia picha kamfanyia mtu hasara bila kujua.

8. Ukikodi ngalawa, usibishane kuhusu saa.
Nahodha akisema alfajiri ni alfajiri. Ngalawa hailali bandarini bali mchangani, huondoka kukiwa na maji na hurudi kukiwa na maji. Ukichelewa saa moja utashuka kuisukuma, na kusukuma ngalawa kwenye mchanga mkavu ni kazi ya wanaume sita. Uliza pia upepo: kusi ya Juni hadi Septemba huvuma kwa nguvu nje ya mwamba, na asiyezoea atatapika kifungua kinywa. Kubalianeni bei kabla ya tanga kupandishwa.

9. Ufukweni si kijijini.
Nguo ya kuogelea ibaki majini. Ukipanda kuelekea madukani, kanga moja au suruali inatosha kukuhifadhi na kuwahifadhi wenzako. Mwezi wa Ramadhani usile wala usivute sigara njiani mchana. Na salimu: shikamoo kwa mtu mzima, ndipo uulize njia. Sisi wa bara tuna tabia ya kuanza na swali. Hapa inasikika kama kufokewa.

10. Pweza huja na mwezi.
Bamvua ikitoka, akina mama na vijana huenda mwambani na vijiti virefu kuchokoa mashimo. Pweza wa saa nne utamkuta kwenye tui la nazi adhuhuri, laini, kwa wali au chapati. Kwa hiyo mwone mpishi asubuhi na mapema, si wakati tumbo limeshaanza kunguruma. Siku za maji mafu agiza samaki wa ngalawa, changu au tasi. Ukiletewa pweza siku hizo, huyo katoka kwenye friji, na bei yake uiangalie mara mbili.