Nusu ya pili ya hadithi ya Jabir

*Darsa la Ramadhani, siku ya 19*

Bismillaah.

Baba zangu, mama zangu na vijana wangu, Allah azikubali saumu zetu. Leo tunaingia sokoni. Nitaanza kwa kujisema mwenyewe, maana mwalimu akianza na makosa ya watu wengine, darasa husinzia.

Ramadhani iliyopita, kwenye saa kumi na moja na nusu jioni, nilipita Mbuyuni kutafuta ndizi za futari. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani na watu wameanza kufunga bidhaa zao. Nikamkuta mama mmoja wa makamo, amebakiwa na mkungu mmoja wa mchare. Nikauliza bei, akasema 12,000. Nikasema 6,000.

Nikaugeuza mkungu huku na huku nikiutafutia kasoro. Nikamwambia kule ndani nimeona mkubwa kuliko huu kwa bei ya chini. Sikuwa hata nimefika kule ndani. Mama akaangalia wingu, akaangalia upande wa magari, akasema, "Shehe, ongeza basi, nimetoka nao juu tangu alfajiri." Nikafika 7,000 nikamwambia, "Mama, hii ndiyo niliyo nayo." Mfukoni nilikuwa na noti nyingine ya 10,000.

Akapokea. Akanifungia mkungu vizuri kwa kamba ya mgomba, akaniambia, "Haya shehe, mkafuturu salama." Shingoni alikuwa amevaa msalaba mdogo.

Nyumbani nilipongezwa kwa kununua vizuri. Usiku, baada ya tarawehe, nikakaa kuandaa darsa la kesho yake. Mada ilikuwa biashara, na hadithi niliyoifungua ni ya Jabir bin Abdillah (R.A.) na ngamia wake. Naijua tangu madrasa. Usiku ule nikaona kwamba miaka yote nilikuwa naifanyia kazi nusu tu.

*Hadithi yenyewe*

Wameipokea Bukhari na Muslim. Jabir alikuwa anarudi kutoka vitani pamoja na Mtume (S.A.W.), na ngamia wake amechoka, anabaki nyuma. Mtume akamjia, akamwombea dua, na ngamia akaanza kwenda mwendo ambao hajawahi kwenda. Ndipo Mtume akamwambia amuuzie kwa wakia moja. Jabir hakukubali mara moja. Mtume akarudia. Mwishowe Jabir akauza, akaweka sharti ampande mpaka afike Madina.

Hapo ndipo penye ushahidi wetu kwamba kupatana bei ni halali. Mnunuzi anataja bei yake, muuzaji anakataa, wanazungumza, wanaweka masharti, wanakubaliana. Hakuna aibu ndani yake. Qur'an katika Surat An-Nisaa imetutaka biashara zetu ziwe za kuridhiana, na watu huridhiana kwa kuzungumza.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza, na sisi wa Moshi tumeihifadhi barabara. Sasa sikilizeni ya pili.

Njiani Mtume alimuuliza Jabir habari za nyumbani kwake. Ameoa? Ameoa nani? Jabir akaeleza kwamba baba yake amekufa, amemwachia dada wadogo, hivyo akaoa mwanamke mtu mzima wa kuwalea. Baba yake alikuwa ameuawa shahidi Uhud na kuacha madeni. Kwa hiyo mnunuzi alimjua muuzaji na mzigo alionao.

Walipofika Madina, Jabir akampeleka ngamia. Mtume akamwamuru Bilal ampimie malipo, na Bilal akapima akazidisha. Jabir akaondoka. Mara akaitwa tena, akadhani labda biashara imevunjika. Mtume akamwambia amchukue ngamia wake, na ile thamani pia ni yake.

Mimi pale Mbuyuni sikumuuliza yule mama hata anaitwa nani.

*Tujipime wapi?*

*1. Ulimi.* Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu asiyeacha maneno ya uongo, Allah hana haja na yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake. Sasa "kule nimeona kwa elfu tano" na wewe hukuona, ni nini? "Sina zaidi" na noti iko mfukoni, ni nini? Tumezoea kuiita lugha ya soko, lakini anayeandika kwa malaika haandiki "lugha ya soko". Ukweli unatosha kabisa: "Mama, naweza kutoa 8,000, ukikubali nachukua." Hapo hujadanganya mtu na bado umepatana bei.

Na nyinyi wauzaji msicheke. "Wallahi nimenunua kwa elfu kumi" nayo imo humu humu. Tumefundishwa kwamba kiapo kinaweza kuitoa bidhaa haraka, lakini kinafuta baraka yake. Na mgeni aliyekuja kupanda mlima, asiyejua bei za hapa, si ruhusa kumpandishia mara tatu kwa sababu tu hajui.

*2. Shida ya mwenzako.* Mtume alikataza watu kwenda kuupokea msafara wa bidhaa nje ya mji kabla haujafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu yule anayetoka mbali hajajua bei, na anayempokea anajua. Katika riwaya ya Muslim, mwenye mali akifika sokoni ana hiari ya kuyavunja mauzo yale. Wale wanaosubiri barabarani magari yanayoshuka kutoka mlimani, wakachukua mikungu na maparachichi kwa bei ya kutupa kabla mwenyewe hajaliona soko, wajiangalie hapo.

Mimi sikumpokea njiani. Mimi nilimsubiri jioni. Nilijua ndizi hazimngoji mtu, mvua inakuja, na gari la mwisho la kupanda juu halimsubiri. Sisemi mauzo yale ni batili. Alikubali, nikalipa. Lakini aliyekubali ni yeye, au ni lile wingu?

*3. Tunabana wapi?* Tukiingia duka lenye vibandiko vya bei na mashine ya risiti, tunalipa kimya kimya, na mfuko tunaulipia. Bando la simu hatuliombi lipungue. Lakini mwenye fungu la nyanya chini, tunamng'ang'ania kwa 200. Wakati mwingine tunatoka hapo na ile 200, tunaitia kwenye sanduku la msikiti, tunajiona tumetoa. Hiyo sadaka ni ya nani hasa, yetu au ya mwenye nyanya?

Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaotaka wapewe kipimo kamili wanapopokea, na wanapowapimia wengine hupunguza. Tumezoea kumsomea muuza mchele. Mnunuzi naye asikilize.

Nieleweke. Mama mwenye watoto watano na 10,000 ya futari, anayeomba apunguziwe, hana kosa lolote. Aombe, na muuzaji mwenye nafasi ampunguzie, atapata ujira wake. Mtume ameomba rehema ya Allah kwa mtu mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai. Wepesi huo ni wa pande zote mbili. Na mtu asije akasema "lakini yule si Muislamu". Mtume mwenyewe alichukua shayiri kwa Yahudi na kumwekea deraya yake rehani. Muamala mzuri hauulizi dini ya mwenye duka. Yule mama anayeshuka kutoka Kibosho au Uru, Uislamu anaousoma ni mkono wako unapomlipa.

*Yaliyobaki*

Siku ya pili nilirudi pale pale. Nikakuta amekaa mtu mwingine. Niliulizia, lakini uliulizie nini wakati hujui jina wala kijiji? Mpaka leo sijamwona. Nimemtubia Allah, na kila nikinunua ndizi naongeza kidogo, lakini najua anayepokea siye yeye. Haki ya mtu haina njia ya mkato.

*Kazi ya leo kabla ya magharibi:* Sikukuu inakaribia na wengi tutakwenda Memorial na Kiboriloni kutafuta nguo za watoto. Pataneni bei, mmeruhusiwa. Ila mtafute angalau muuzaji mmoja mdogo, umsalimie, umuulize anatoka wapi, upatane naye kwa ukweli, na mkishakubaliana umlipe zaidi ya mlivyokubaliana. Usimwambie ni sadaka. Mwambie tu, "Hii ya nauli, mama."

Ewe Mola wetu, tujaalie wepesi tunaponunua na tunapouza, utusamehe tuliyowabana waja wako, na wale tusioweza tena kuwapata uwaridhishe kwa fadhila zako. Aamiin.

Kesho inshaallah tutazungumzia deni la dukani na daftari la mangi.

Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.