Shosho Asiyesoma Meseji Naye Ni Mteja: Jinsi ya Kumsaidia Bila Kujua PIN Yake

Pale Kiritiri, Mbeere Kusini, pesa nyingi siku hizi huingia kwa simu: ya muguka, ya ndengu, ya mtoto aliye Nairobi. Lakini kuna shosho anayeongea Kimbeere pekee, mzee ambaye macho yamefifia, na kijana asiyesikia. Wakikwama, wengi hufanya jambo moja: wanampa mtu PIN.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mzee wa miaka 70 aliye kwenye mpango wa Inua Jamii anatengewa Sh2,000 kwa mwezi. Akitapeliwa mara moja tu, chakula cha mwezi kimeenda.

Ndiyo maana njia moja ya msaada haiwatoshi wote. Iwe wewe ni ajenti, mtoto au jirani, fuata hatua hizi.

1. Asiyesoma, asikie. Msomee meseji kwa lugha anayoelewa: nani ametuma, na ni pesa ngapi. Msogeze kando kwanza, maana salio lake si la foleni nzima kusikia.

2. Asiyesikia, aandike. Kumwambia apige simu si msaada. Kwa M-Pesa, pesa zikienda kwa namba isiyo sahihi, anatuma meseji ile ya muamala kwa 456 kuomba zirudishwe. Afanye haraka, kabla aliyezipokea hajazitumia.

3. Asiyeona, apapase. Kwenye kabambe, kitufe cha 5 huwa na kialama kilichoinuka. Akikishika hicho, 2 iko juu, 8 iko chini, 4 kushoto na 6 kulia. Akizoea, ataweka PIN mwenyewe. Kazi yako ni kumpeleka hadi kwenye menyu, kisha umrudishie simu na ugeuze uso.

4. Ajue nani anampigia. Huduma kwa wateja wa M-Pesa ni 234. Iandike kwa herufi kubwa, uibandike nyuma ya simu yake. Mwambie pia kwamba Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 pekee, na hata hapo hawaulizi PIN. Anayeuliza ni tapeli, akate simu.

5. Asilipe mara mbili. Ada ya kutoa pesa hukatwa kwenye akaunti yenyewe. Ajenti akidai "ya soda" juu yake, hiyo si ada.

Kumbuka, Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya huduma bora na ya habari anazohitaji ili anufaike nayo. Shosho ni mmoja wao.

Zoezi la wiki hii: kaa na mzazi wako dakika kumi, mfanye mazoezi ya hatua moja tu. Na kama PIN yake unaijua, msaidie aibadilishe leo, wewe ukiangalia kando.