SOMO LA ROBO HII: JERAHA LINASEMA NINI?



Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyanyembe, hapa Tabora. Silaha ya kuogopwa enzi za Mtemi Mirambo ilikuwa gobore la rugaruga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu wa Usukuma na Unyamwezi walijulikana kwa upinde na mishale. Silaha inayotusumbua sisi haikutengenezwa kwa vita. Ni panga, ambalo karibu kila kaya inalo kwa kukatia kuni na kufyekea shamba.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu watu 765 waliouawa nchini mwaka 2013 kwa tuhuma za uchawi, na 505 kati yao walikuwa wanawake. Wengi wa wanaotuhumiwa ni bibi zetu, ambao macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Utafiti wa Edward Miguel katika wilaya ya Meatu, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa mauaji ya aina hii huongezeka maradufu miaka ya ukame au mafuriko, wakati mauaji mengine hayaongezeki. Maana yake, njaa ikiingia kijijini, bibi yuko hatarini.

Tabibu husomaje jeraha?

1. Panga huacha kingo zilizonyooka na kina kirefu. Mara nyingi hata mfupa umekatwa.
2. Rungu au jiwe hupasua ngozi kwa kingo zilizochanika, na pembeni kuna michubuko. Damu inaweza kuwa kidogo huku ubongo umeumia.
3. Kisu huacha tundu dogo nje, lakini ndani ni refu. Tusilidharau.
4. Gobore likipigwa kwa mbali huacha matundu madogo mengi.

Mikato ya viganjani na mikononi huonyesha kuwa mtu alijikinga. Ikikosekana, huku kichwa na shingo vimekatwa, huenda alivamiwa akiwa usingizini. Mikato mingi shingoni, na mali haikuguswa, hailingani na ujambazi wa kawaida. Hata hivyo jeraha halitaji jina la mtu. Kumtafuta mhusika ni kazi ya polisi, si ya umati wenye hasira.

Kamati ifanye nini?

• Bana jeraha kwa kitambaa safi, mpeleke majeruhi hospitali haraka. Kisu kilichokwama kisichomolewe.
• Ndugu mmoja afuate fomu ya PF3 polisi wakati majeruhi anapelekwa kutibiwa. Humo tabibu huandika jeraha na aina ya silaha, na mahakama huitegemea.
• Nguo zenye damu zisifuliwe, wala panga lisiguswe.
• Uvumi ukianza, hasa baada ya msiba au mavuno mabaya, mtembeleeni anayesemwa, wawili wawili, na mtoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji mapema.

Kwa wafadhili wetu: jiko lenye bomba la kutolea moshi na nauli ya kumfikisha majeruhi hospitali ni vitu vidogo, lakini huokoa maisha.

Maswali ya kujadili:

1. Katika mtaa wetu, ni bibi gani anaishi peke yake?
2. Nani atamfikia kwanza akipiga yowe usiku?
3. Mvua zikikosekana mwaka huu, tutaanza kumtembelea lini?