Somo: Kijana aliyetoka gerezani

Ron LeFlore alizaliwa mwaka 1948 huko Detroit, Marekani. Aliacha shule, akatumia dawa za kulevya, na mwaka 1970 akafungwa kwa wizi wa kutumia silaha. Gerezani ndimo alimoanza kucheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo. Alikuwa na mbio za ajabu. Mwaka 1973 Billy Martin, kocha wa timu ya Detroit Tigers, alitembelea gereza hilo, akakubali kijana ajaribiwe. Aliachiliwa kwa masharti. Mwaka 1974 alicheza ligi kuu, na mwaka 1976 akachaguliwa katika timu ya nyota.

Wapendwa, kosa lake halikufichwa: alihukumiwa, akaadhibiwa. Lakini alipewa pia kazi. Kwetu wako vijana wanaotoka katika vikundi vyenye silaha. Haki ya walioumizwa isisahauliwe. Lakini kijana asiyepokelewa na mtu, atarudi kwa nani kama si kwa waliompa bunduki?

Tujadiliane:
1. Kijana akirudi, nani anampokea?
2. Aliowakosea tuwasikilize namna gani?
3. Tunaweza kumpa kazi gani?